Moja, Mbili, Taa

Jana jioni mwanangu aliniuliza, "Mama, huwa unahesabu nini?"

Sikumwelewa. Akaniigiza: akabofya hewani kwa kidole kimoja, akatulia, kisha midomo yake ikaanza kucheza bila sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nilishtuka, kwa sababu sikujua kwamba bado ninafanya hivyo. Siku hizi dirisha linafunguka kabla sijafika hata kwenye moja.

Nilimjibu kwamba ni mazoea tu ya zamani. Hakuridhika, naijua sura yake asiporidhika, ila alikuwa na mchezo wake unamsubiri, akaondoka. Swali akaniachia.

Kompyuta ni hiihii ya kijivu. Wakati ule ilikuwa mpya, na niliichagua kwa sababu ya kadi zake mbili za grafiki: ndogo iliyo ndani ya prosesa, kwa kazi za kila siku na kutunza betri, na kubwa inayojitegemea, kwa zile video nilizokuwa nikihariri. RAM GB 16. Diski ya SSD. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na robo ya RAM hiyo na kadi moja dhaifu. Nikaweka mfumo wa Linux siku ileile, nikaweka dreva ya kadi kubwa, yaani programu inayoiendesha, nikahariri video, na kazi iliyokuwa ikinila saa nzima ikaisha kwa dakika chache. Nilifurahi sana siku hiyo.

Kisha nikafungua kikokotoo. Sekunde tatu.

Sekunde tatu ni kidogo ukizitaja. Kuziishi mara mia kwa siku ni jambo jingine. Unabofya, kimya. Huna hakika kama ulibofya kweli. Unabofya tena, halafu yanatokea madirisha mawili. Unafunga moja, na kwa wakati huo umeshasahau ulitaka kujumlisha nini. Kihariri cha matini, mipangilio, kitazama picha, vyote vilikuwa hivyo. Ile kompyuta ya zamani, niliyokuwa nimeiweka kabatini, ilifungua kikokotoo papo hapo. Niliitoa nikazipanga mbili hizo sambamba ili nijihakikishie kwamba sioti.

Kaka yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha Linux, alinisikiliza kwenye simu akasema, "Mdogo wangu, hiyo ni kashe. Fungua programu, ifunge, ifungue tena hapohapo. Mara ya pili itakuwa haraka."

Nikajaribu. Ilikuwa haraka kweli.

"Umeona? Mara ya kwanza inasomwa kutoka kwenye diski, mara ya pili imeshakaa kwenye RAM."

Maelezo hayo yalinitosha kwa miezi. Na hapa ndipo ninapojikuta nikirudi kila ninapoikumbuka habari hii, kwa sababu alichokiona kaka kilikuwa sahihi kabisa. Mara ya kwanza nzito, mara ya pili nyepesi. Lakini ukikaa dakika moja tu bila kufungua kitu, uzito ulirudi. Kashe haiyeyuki kwa dakika moja wakati GB 11 za RAM ziko tupu. Hilo nililijua. Sikuliuliza.

Nikaanza kuitilia shaka diski. Nikaipima, nzima. Nikasoma habari za watu ambao programu zao zilichukua sekunde 25 kamili kufunguka, nikajifunza kwamba 25 ni kikomo cha kawaida cha kusubiri jibu kwenye D-Bus, njia ambayo programu hutumiana ujumbe, na kwamba ukiiona namba hiyo uchunguze huduma ya xdg-desktop-portal, maana kuna mmoja anauliza na mwenzake hajibu. Kwangu zilikuwa tatu, na wala si tatu kamili. Nikaitilia shaka kadi kubwa pia, tena mapema tu, lakini kila nilipoiangalia kwa zana iliyokuja na dreva yake nilikuta iko macho, haina kazi, haina joto la kutisha. Nikaivua lawama.

Kulikuwa na dalili nyingine, na hii ilikuwa mbele ya macho yangu kila siku. Nikiwa mezani, kompyuta imeunganishwa na skrini ya nje, kila kitu kilifunguka upesi. Nikiibeba kwenda kukaa sebuleni, uzito. Nilidhani ni umeme, kwamba kwenye betri inapunguza kasi. Siku moja nikachomeka chaja sebuleni, uzito ukabaki palepale. Nikaishia hapo, sikujiuliza meza ina nini tena zaidi ya chaja.

Nikasakinisha mfumo upya. Kisha nikausakinisha mara ya pili, safari hii kwa kufuta diski nzima. Folda yangu binafsi nilikuwa nimeinakili kwenye diski ya nje, nikaamini kwamba nimebeba kila kitu. Faili la maneno ya kwanza ya mwanangu lilikuwa kwenye sehemu nyingine ya diski. Lilikuwa faili la matini tu: tarehe, neno, na kitu alichokuwa akikielekezea kidole. Maneno kumi na kitu. Niligundua siku mbili baadaye, nilipotaka kuongeza moja.

Na baada ya yote hayo kikokotoo kilifunguka kwa sekunde tatu. Bila shaka. Kila mara, kitu cha kwanza nilichokirudisha baada ya kusakinisha kilikuwa dreva ya kadi kubwa.

Sasa ile alasiri. Nilikuwa nimekaa kwenye zulia, kompyuta iko juu ya meza fupi ya sebuleni, na mwanangu yuko upande wa pili wa meza, amesimama kwa kushika ukingo, kichwa kikiwa usawa wa kibodi. Nikafungua kikokotoo. Nikaanza kuhesabu.

Moja. Mbili.

"Taa!" akasema.

Dirisha likafunguka. Sikumjali, neno taa alikuwa nalo kwa wiki kadhaa na alilitumia kwa kila kitu kinachong'aa, pamoja na dirisha na vijiko. Nikapiga hesabu yangu, nikafunga. Baada ya muda nikafungua mipangilio.

Moja. Mbili.

"Taa!"

Nikamtazama. Hakuwa akitazama skrini, asingeweza, ilikuwa imempa mgongo. Alikuwa amekaza macho upande wa kompyuta, karibu na tundu la chaja, mahali ambapo mimi niliyekaa mbele ya skrini sipaoni. Nikafunga mipangilio, nikazunguka meza kwa magoti, nikaweka shavu langu karibu na lake. Kuna kitaa pale, kidogo kama punje ya mchele. Kilikuwa cha rangi ya chungwa. Tukakitazama wote wawili. Baada ya sekunde chache kikawa cheupe, na yeye akakunja uso kana kwamba kuna aliyekizima.

Nikanyoosha mkono juu ya skrini, nikapapasa pedi, nikabofya kikokotoo bila kuondoa macho kwenye kitaa.

Chungwa. Mara moja, kabla sijahesabu chochote.

"Taa," akasema, safari hii kwa utulivu, kama anayenifundisha.

Ndipo nikahesabu. Moja, mbili, tatu, na juu ya skrini nikaona mwanga wa dirisha linalofunguka. Kitaa kikabaki chungwa kidogo, kisha kikarudi kuwa cheupe. Tulirudia pengine mara nane. Kila nilipofungua programu kikiwa cheupe, kiligeuka chungwa na mimi nikasubiri. Kila nilipofungua kikiwa bado chungwa, dirisha lilitokea hapohapo. Hakukuwa na kashe yoyote pale. Nilikumbuka kwamba kijitabu kilichokuja na kompyuta kilisema nyeupe maana yake inafanya kazi kadi ndogo, chungwa maana yake kadi kubwa imewashwa. Nilikuwa nimekisoma siku ya kwanza nikakiweka.

Kikokotoo kinaiamshia nini kadi kubwa?

Alipolala nilikaa na terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Kwanza nilisoma faili lililo chini ya `/sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/`, liitwalo `runtime_status`. Likasema `suspended`. Imelala. Kulisoma faili hilo hakuigusi kadi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini miezi yote niliikuta iko macho: zana ya dreva inaiamsha kadi ili iweze kuihoji, na hata `lspci` huiamsha. Ni sawa na kumtikisa mtu umuulize kama amelala. Nikafungua kikokotoo, nikasoma tena haraka: `active`.

Kisha nikakiendesha kikokotoo chini ya `strace -f -T`, ambayo inaandika kila ombi ambalo programu inapeleka kwa keneli, kiini cha mfumo, na muda ambao ombi hilo limechukua. Mistari maelfu, karibu yote sehemu ndogo sana za sekunde. Halafu mmoja: `openat`, ukifungua faili la kifaa cha kadi kubwa ndani ya `/dev`, na mwisho wake kwenye mabano `<2.31`, ikifuatiwa na tarakimu nyingine. Nilizitazama sekunde hizo mbili kwa muda mrefu kuliko zenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Programu inayotaka kuchora dirisha kupitia EGL, kiunganishi cha programu na kadi za grafiki, haichagui dreva yenyewe. Inaiuliza maktaba iitwayo libglvnd, nayo inapitia faili zilizo kwenye `/usr/share/glvnd/egl_vendor.d/` kwa mpangilio wa majina. La kadi kubwa lilianza na 10. La Mesa, inayoendesha kadi ndogo, lilianza na 50. Kwa hiyo aliyeulizwa kwanza kila mara alikuwa yule aliyelala. Na usingizi wenyewe ni mzito: kwenye hali ya D3cold kadi imekatiwa umeme kabisa, kuirudisha ni kuiwasha upya. Basi anaamshwa, anawashiwa umeme, anaulizwa kama skrini hii ni yake, anasema siyo, anaambiwa rudi ulale. Ndipo kadi ndogo, iliyokuwa macho muda wote, inachora kikokotoo. Na mezani, tundu la skrini ya nje limeungwa moja kwa moja kwenye kadi kubwa. Skrini ikiwa imechomekwa, kadi haipati hata nafasi ya kulala.

Ninaiheshimu sana kazi iliyoifanya kadi hiyo iweze kulala. Keneli 3.12 ya mwaka 2013 ndiyo iliyoleta kuzimika na kuwaka kwa kadi ya pili bila mtu kuigusa, na kabla ya hapo wenye kompyuta za aina hii walikuwa wakiona betri inaisha bure. Tatizo langu lilizaliwa na kitu kizuri.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Ndani ya `~/.config/environment.d/` niliunda faili, nikaandika kigeu cha mazingira `__EGL_VENDOR_LIBRARY_FILENAMES` nikikielekeza kwenye faili la Mesa peke yake. Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia tena. Kikokotoo kilifunguka kabla sijaondoa kidole. Kihariri cha video nilikitengenezea mstari wake wa pekee, ili chenyewe kiruhusiwe kuiamsha kadi kubwa, kwa kuwa huko inahitajika kweli. Mwaka 2024 GTK 4.16, maktaba ambayo programu zangu huchorea madirisha, ilipohamia Vulkan, njia nyingine ya kuzungumza na kadi, kwa madirisha ya Wayland, mfumo unaoyaonyesha kwenye skrini, uzito ulirudi kwa siku moja. Vulkan ina orodha yake ya madreva, na kigeu chake ni `VK_DRIVER_FILES`. Sikusakinisha chochote upya. Nilizunguka meza, nikatazama kitaa.

Nilimpigia kaka usiku uleule wa kwanza, nikamsimulia yote mpaka namba ya 2.31. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama nilipoteza kitu nilipofuta diski. Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mpaka leo sijamwambia, na sidhani kwamba ni yeye aliyestahili kubeba jambo hilo. Mimi ndiye niliyebofya. Lakini pia sina hakika kwamba kunyamaza ni kumhurumia.

Jana, mwanangu alipoondoka, nilifungua kihariri cha matini. Nikaandika: taa. Chini yake maneno mengine manne niliyoyakumbuka. Tarehe sikuziandika. La sita ninajua alikuwa akilielekeza kwenye nini, ninaona kabisa kidole chake, lakini neno lenyewe alilitamka kwa namna yake, na namna hiyo haiji.

Faili nimelihifadhi. Nimelinakili mahali pawili.