Yokai wa 1968 na wa 2005 ndani ya kasha moja la Blu-ray

Kati ya makasha yote ya filamu niliyonayo, ninalolipenda kuliko mengine ni Yokai Monsters Collection, lililotolewa na kampuni ya Uingereza ya Arrow Video mwaka 2021. Ndani yake mna filamu tatu za studio ya Daiei za miaka ya 1968 na 1969, pamoja na The Great Yokai War ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Takashi Miike. Hii ya nne ndiyo iliyonishawishi kulinunua, kwa kuwa ni filamu ya mapigano, ya vichekesho na ya viumbe wa ajabu kwa wakati mmoja, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiifahamu yenyewe tu, bila hizo nyingine. Leo ninaamini kwamba utamu wake haujitokezi wote mpaka mtu aitazame sambamba na ile iliyoizaa, yaani Spook Warfare ya mwaka 1968, na kasha hili linampa mtazamaji nafasi hiyo.

Yokai ni viumbe wa masimulizi ya Kijapani. Wako walio wanyama wenye uwezo wa kujigeuza, wako wanaokaa mitoni na milimani, na wako waliokuwa vyombo vya nyumbani ambavyo vilitumika miaka na miaka hata vikaingiwa na roho. Mchoraji Toriyama Sekien aliwakusanya katika vitabu vya picha kuanzia mwaka 1776, na katika karne ya 20 Shigeru Mizuki akawarudishia uhai kwa hadithi zake za katuni, hasa zile za kijana Kitaro. Daiei, studio iliyokwisha kujipatia jina kwa filamu za kobe mkubwa Gamera na za sanamu ya mawe iitwayo Daimajin, iliwaingiza yokai hao katika filamu za kipindi cha samurai, kila moja ikiwa ya takriban dakika 80.

Spook Warfare iliongozwa na Yoshiyuki Kuroda. Inaanzia katika magofu ya Uru, kule Babeli, ambako watafuta hazina wanamwamsha pepo aitwaye Daimon. Pepo huyo anaruka hadi Japani, anamuua hakimu mmoja kwa kumnyonya damu, kisha anavaa sura yake na kuanza kutawala nyumba kana kwamba ndiye bwana mwenyewe. Wa kwanza kumtambua ni kappa, yokai wa majini, anayeishi katika bwawa la uani. Kappa anapigana naye, anapigika vibaya, na kukimbilia kwa wenzake kuomba msaada. Wenzake wanafungua kitabu chenye picha za yokai, wanapekua wakimtafuta kiumbe wa namna hiyo, hawamwoni, na basi wanakata shauri kwamba kappa anasema uongo. Huo ndio mzaha ninaoupenda kuliko yote katika kasha hili zima, kwa sababu unachekesha na papo hapo unaonyesha jinsi jamii iliyozoea mambo yake inavyochelewa kuiona hatari isiyoandikwa popote.

Ubora wa filamu hizi za zamani uko katika kazi ya mikono. Katika 100 Monsters, ambayo nayo ni ya mwaka 1968, mwana wa tajiri mwenye kiburi, kijana mwenye akili ya kitoto, anachora ukutani mwavuli wenye jicho moja na mguu mmoja. Mchoro unatoka ukutani ukawa kiumbe kamili, kikaanza kumrukia na kumlamba uso kwa ulimi mrefu mwekundu, naye anafurahi kama aliyempata rafiki wa kucheza naye. Ukitazama kwa makini utaona kwamba ni mwanasesere, na namna anavyoning'inia na kuyumba inaonyesha kwamba kuna mtu juu anayemwendesha. Mimi hilo halinipunguzii raha hata kidogo. Picha safi ya Blu-ray inakuruhusu kuona karatasi ya mwavuli, rangi iliyopakwa na kope za lile jicho, mambo ambayo nakala hafifu zilizokuwa zikizunguka zamani ziliyafunika gizani.

Daiei ilifilisika mwaka 1971. Baada ya miaka mingi, mwaka 2002, mali yake ikaangukia mikononi mwa kampuni ya Kadokawa, na ndiyo maana Kadokawa iliweza kuirudia hadithi ya vita vya yokai mwaka 2005. Safari hii shujaa ni Tadashi, mtoto wa mjini Tokyo ambaye wazazi wake wameachana na ambaye amehamia mkoani Tottori kuishi na mama yake na babu yake anayepoteza kumbukumbu. Katika sherehe ya pale mjini anateuliwa kuwa Mpanda-Kirin, mlinzi wa amani, na anaambiwa apande mlimani akachukue upanga. Ryunosuke Kamiki, aliyeigiza nafasi hiyo akiwa mtoto bado, anaogopa kwa namna ambayo mtoto wa kweli huogopa: analia, anakimbia, kisha anarudi. Sadao Abe naye, katika nafasi ya kappa Kawataro, anabeba sehemu kubwa ya vichekesho.

Adui ndiye aliyebadilika, na hapo ndipo filamu hizi mbili zinaposemezana. Mwaka 1968 uovu ulitoka ng'ambo, ukaingia nchini kama mvamizi, na yokai wa Japani nzima wakaungana kuufukuza. Mwaka 2005 adui ni Kato Yasunori, mchawi kutoka katika riwaya za Hiroshi Aramata, na silaha yake ni chuki ya vitu ambavyo Wajapani wenyewe wamevitumia na kuvitupa. Anawakamata yokai, anawatia katika tanuru pamoja na vyuma chakavu na mashine zilizotelekezwa, na wanatoka humo wakiwa mitambo yenye misumeno na hasira. Aliyeona kwanza ule mwavuli wenye jicho moja, ambao ni chombo kikuukuu kilichoingiwa na roho ya uchangamfu, ataelewa ukatili wa tanuru hilo. Vitu vilevile ambavyo zamani vilizeeka vikawa marafiki wa watoto, sasa vinazeeka vikawa maadui.

Nilipoitazama na mpwa wangu, kilichomshika zaidi ni sunekosuri, kinyama kidogo chenye manyoya ambacho kazi yake ni kujisugua kwenye miguu ya watu. Kinyama hicho kinatekwa na kupitishwa tanuruni, na Tadashi analazimika kupigana nacho. Ni wazi kabisa kwamba ni mwanasesere, lakini mpwa wangu aliniuliza mara kadhaa kama kitapona. Upande wa picha za kompyuta, lazima niseme kwamba zimechakaa kuliko mavazi ya mpira ya mwaka 1968, na ukali wa Blu-ray unazianika waziwazi.

Mizuki mwenyewe anaonekana mwishoni mwa filamu hiyo ya 2005, akiwa mzee mkuu wa yokai, akisema kwamba vita ni upuuzi unaoleta njaa tu. Maneno hayo yana uzito wake ukikumbuka kwamba alikulia Sakaiminato, katika mkoa huohuo wa Tottori, na kwamba alipoteza mkono wa kushoto akiwa askari katika kisiwa cha New Britain wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Katika nyongeza za kasha, kwanza sikilizeni maelezo ya Tom Mes, ambaye amewahi kuandika kitabu kizima kuhusu Miike, yanayokwenda sambamba na filamu ya 2005. Ipo pia filamu ya maelezo kuhusu yokai kwa jumla, ambayo itamfaa mgeni wa mambo haya. Mazungumzo ya asili ni ya Kijapani na maandishi ya chini ya picha ni ya Kiingereza, kwa hiyo ukiwa na watoto jiandae kuwasimulia.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki, jambo la kuangalia kabla ya kulipa ni alama ya kanda. Diski za Blu-ray zimegawanywa katika kanda tatu, na Afrika iko kanda B pamoja na Ulaya, ilhali Japani na Marekani ziko kanda A. Kwa hiyo diski iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza itacheza katika deki ya Blu-ray iliyotengenezwa kwa soko letu. Kwenye DVD hali ni tofauti, kwa sababu Afrika Mashariki ni kanda ya 5 na Uingereza ni ya 2, na deki ya DVD iliyofungwa kwa kanda ya 5 itaikataa DVD ya Uingereza.

Ukishalipata, anza na Spook Warfare, kisha nenda moja kwa moja kwenye ile ya 2005 ungali unakikumbuka kile kitabu cha picha. 100 Monsters ifuate, na Along with Ghosts ya mwaka 1969, ambayo ina yokai wachache na huzuni nyingi zaidi, iwe ya mwisho.