Bafu la Ghorofani Mikindani

Tailizi zilikuwa zimepasuka kwa mistari iliyonyooka, na kila mstari ulifuata kiungo cha mbao mbili zilizokuwa chini yake. Mjomba aliponionyesha hilo nilimwelewa kabla hajasema neno. Fundi aliyetangulia alikuwa amemwaga zege juu ya sakafu ya mbao, akabandika tailizi, akalipwa, akaondoka. Mbao hunywa unyevu masika zikavimba, kiangazi zikasinyaa. Tailizi haivimbi wala haisinyai, kwa hiyo inakatika.

Ilikuwa 2017, wakati korosho zimeanza kuokotwa, nami nilikuwa saidia fundi wa mjomba. Nyumba ilikuwa moja ya zile za zamani za Mikindani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofani kuna roshani inayotazama ghuba. Mwenye kazi alikuwa mfanyabiashara wa Mtwara mjini, lakini aliyekaa mle ni mama yake, bibi mzee mwenye maradhi ya magoti. Choo kingine kilikuwa uani. Usiku kushuka ngazi zile, zilizosimama wima kama za dari, kulikuwa hatari, na kwa ajili hiyo tu bafu la juu lilikuwa muhimu kuliko chumba chochote cha nyumba ile.

Tulianza kubomoa. Zege la sentimita 5 lina uzito unaozidi kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na lote lile lilikuwa limelalia boriti za mikoko. Boriti hizo ni imara ajabu, ila ni fupi, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba. Tulipofunua mbao, katikati boriti zilikuwa ngumu hata msumari unakataa kuingia. Kwenye ncha, pale zilipochomekwa ukutani, mjomba alizamisha bisibisi mpaka kwenye mpini. Maji yaliyopenya kwenye nyufa yalikuwa yamekwenda kulala humo ukutani, na chokaa ikayashika.

Mwenye kazi alikuja jioni. Alikuwa ameleta kutoka Dar es Salaam bodi za saruji za milimita 12, ambazo kwetu wakati ule hazikuwa za kawaida.

"Fundi, na hizi bodi si zimemaliza kazi? Pigilia juu ya mbao, kesho ubandike."

"Mwanangu," mjomba akamjibu, "bodi hii haitii nguvu sakafu. Kazi yake ni kuipa tailizi mahali pa kushika pasipocheza na unyevu. Sakafu ikinesa, bodi itanesa nayo, na tailizi zitapasuka tena. Kwanza nguvu, halafu bodi."

Yule bwana akasema nyumba kuukuu hazitengenezeki. Mjomba akamwonyesha kwa kidole upande wa mlimani, liliko boma la Wajerumani la 1895, ambalo lilikarabatiwa likawa hoteli. "Lile je?" Bwana akanyamaza, kisha akauliza inahitajika mbao kiasi gani.

Tulitumia mbao ngumu za mkongo, inchi mbili kwa sita. Kila boriti tuliipa mwenzake ubavuni, tukazifunga pamoja kwa bolti, na nafasi kati ya jozi na jozi tukaiweka sentimita 40. Ncha mpya tulizipaka dawa na kuziachia upenyo zisigusane na jiwe, zipumue. Kipimo cha mjomba kilikuwa kimoja: boriti ikibeba mzigo isizame zaidi ya sehemu moja ya 360 ya urefu wake. Kwa mita 2.4 hiyo ni milimita 6 na kitu. Alinisimamisha katikati na mfuko wa saruji begani, yeye akiwa amelala chini anatazama uzi. Sijawahi kumwona mtu akitazama uzi kwa makini namna ile.

Juu ya boriti tukaweka plaiwudi ya milimita 18, ile inayostahimili maji, tukaiinamisha kidogo kuelekea tundu la kutolea maji. Hapo ndipo zamu ya bodi ilipofika.

Kuzikata ni rahisi ukijua: unachora kwa kisu kigumu upande mmoja, unaivunja kwenye goti, unamalizia nyavu ya nyuma. Mjomba alikataza msumeno wa umeme ndani ya chumba, kwa sababu vumbi la saruji lina mchanga laini unaoharibu mapafu. Kabla ya kulaza kila bodi tulipaka gundi ya tailizi juu ya plaiwudi kwa mwiko wa meno. Gundi ile haipo kwa ajili ya kushikilia, skrubu ndizo zinazoshikilia. Ipo ili kusiwe na uwazi chini, maana penye uwazi ndipo mguu utakapovunja. Viungo vya bodi havikuruhusiwa kukaa juu ya viungo vya plaiwudi, na pembe nne hazikukutana mahali pamoja. Kati ya bodi na bodi tuliacha milimita 3, ukutani mara mbili ya hapo.

Skrubu zilileta mzozo wa pili. Zilizonunuliwa zilikuwa zile nyeusi za jipsamu. Mjomba alizirudisha zote. Hewa ya bahari, maji ya bafu na saruji vitazila, alisema, na kichwa cha skrubu kikikatika bodi inabaki inaelea. Tukangoja zilizopakwa zinki, kisha tukazifunga kila baada ya sentimita 20, vichwa vikiwa sawasawa na uso wa bodi bila kuuchimba.

Viungo tulivijaza gundi na kuvifunika utepe wa nyavu usioliwa na saruji. Wengi huishia hapo, nami naona ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Bodi ya saruji haiozi kwa maji, lakini maji hupita ndani yake na kufika kwenye mbao. Tulipaka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, sakafu nzima na kupanda ukutani, tukazidisha pembeni na kuzunguka tundu. Ilipokauka tukaziba tundu, tukajaza maji, tukayaacha usiku kucha hadi siku ya pili. Chumba cha chini dari ilikuwa kavu.

Siku hiyo Bibi aliomba kupandishwa aone. Nilimshika mkono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hainesi?"

"Hainesi."

Akakanyaga mwenyewe, pole pole, ukuta hadi ukuta. Halafu akaona maboksi ya tailizi mlangoni, akaomba moja afunguliwe. Zilikuwa nyeupe, zinang'aa. Akapitisha kiganja, akamgeukia mjomba.

"Baba, hizi zikilowa nitasimama?"

"Hutasimama, mama."

Mwanawe alizirudisha dukani mchana uleule, akaja na za kijivu zenye uso mkwaruzo, ndogo ndogo, ambazo viungo vyake vingi huzidi kushika mguu. Tukaanza kupanga asubuhi iliyofuata.