Nilivyotafuta mbuzi Dodoma, ya nazi lakini

Mimi mtu wa Tanga. Serikali ilipotangaza 2016 inahamia Dodoma nilijua zamu yetu itafika tu, ikafika 2018, nikabeba nguo na godoro, vyombo vingi nikaviacha kwa mama nikisema nitanunua hukohuko, makao makuu pale utakosa nini bana. Jumamosi ya kwanza nikaingia soko la Majengo na listi kichwani: mbuzi, kifumbu, kawa, mtungi, fagio la chelewa.

Mbuzi ndo ilinitoa jasho. Nikamuuliza kaka mmoja anauza masufuria, "kaka, mbuzi ya bei gani hapa?" Akanitazama juu mpaka chini afu akasema dada mbuzi hapa hupati, nenda mnadani Msalato, ila uende na mtu anayejua bei. Nikamwambia hapana, mimi nataka mbuzi ya kukalia. Hapo ndo nikaharibu kabisa, jamaa wa meza ya pili akaacha wateja wake akasogea asikilize vizuri. Kwetu ngeli inaokoa, mnyama ni mbuzi huyu, ya nazi ni mbuzi hii, sasa huku nimekuta wengi wanasema mbuzi hii hata kwa mnyama anayelia mee, kwa hiyo ngeli yangu haikunisaidia kitu. Ikabidi nichuchumae palepale katikati ya watu nionyeshe kwa mikono, kigoda cha mbao, mbele kimechomoza ulimi wa chuma una meno, unakaa hivi, kifuu unakishika hivi. "Aaah, ya kukunia nazi! Si ungesema hivyo toka mwanzo." Na hakuwa nayo.

Kwenye mtungi nikajua nitapona, neno gani tena rahisi kama hilo. Nikaulizwa "wa kilo 6 au 15?" Nikabaki nashangaa, tangu lini udongo unauzwa kwa kilo, kumbe mwenzangu anaongelea gesi.

Nilivyorudi nyumbani mikono mitupu nikaamua sitaji tena jina, nataja kazi. Wiki iliyofuata nikaenda na maneno mengine kabisa, sio mtungi, chungu cha kuwekea maji ya kunywa, nikaelekezwa kwa mama anayeuza vyungu nikapata tena kizuri. Kifumbu nikasema kitu cha kuchujia tui, nikapewa chujio la plastiki, sio kifumbu ila tui linatoka. Kawa nikasema mfuniko wa kusuka wa kufunikia chakula, nikaletewa ungo, nikaununua hivyohivyo nikawa naugeuza juu ya sahani. Chelewa sikuhangaika nayo, nilichukua fagio la majani la huku, na kusema kweli kwa vumbi la Dodoma ni zuri.

Aliyenifundisha zaidi ni mama mwenye nyumba wangu, Mgogo wa Chamwino, kila asubuhi namwamkia "mbukwenyi" anacheka matamshi yangu. Siku moja maji yakakata, maji ya mji huu mengi yanatoka visima vya Mzakwe na mtaani kwetu yalikuwa yanakuja kwa zamu, tukatoka na ndoo kwenda kuchota. Akaniambia, "Mwanangu, niletee kata hapo ndani." Mimi kata najua moja tu, kifuu cha nazi chenye mpini cha kuchotea maji mtungini, ya kichwani nyumbani tunaita ngata. Nikazunguka jikoni kwake weee, mwisho nikatoka na kopo lenye mkono. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Afu akachukua kitenge chake cha zamani, akakisokota kama kamba, akakizungusha, ncha akaichomeka kwa ndani, akakiweka utosini na ndoo juu yake. "Hii ndo kata."

Na jikoni kwake mbuzi yangu ingekuwa ya nini hata? Mlenda anautia karanga, karanga anazitwanga kwenye kinu, kinu na mchi ndo vimechakaa kwa kutumika. Nazi yeye ananunua siku akija mgeni wa pwani, ambaye ni mimi.

Mwisho nikampigia mama Tanga, akaifunga mbuzi yangu ya zamani kwenye kiroba akaipandisha basi. Nimefika stendi kuchukua mzigo, kijana wa mizigo anaangalia risiti, imeandikwa MBUZI 1, anaangalia kwenye buti, anaangalia tena risiti. "Dada, huyu mbuzi wako alisafiri na gari gani? Maana hapa sina mnyama."

Sikubishana. Nikachuchumaa.