Kamera ya Sony A7 III ama Canon R6? Nimezipeleka zote harusini, na hii ndio nimechukua

Hii swali nimelala nayo na kuamka nayo karibu miezi minne, na juu kuna wenzangu kadhaa hapa Nairobi wanaopiga harusi na kila wiki wananiuliza umeamua nini, wacha niandike yote mara moja, ndefu hivyo hivyo.

Nimekuwa nikitumia kamera ya Canon 80D. Ilitoka 2016, mimi niliipata ikiwa imetumika tayari, na sina neno baya juu yake, imelipa kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu. Lakini kuna siku mbili zilinifanya nianze kutafuta mirolesi, yaani hizi kamera za sasa ambazo hazina kile kioo cha ndani kinachoruka kila ukibonyeza.

Siku ya kwanza ilikuwa kanisa dogo kule Githurai. Mabati, feni mbili, watu wamenyamaza kabisa juu ndio viapo vinaanza, na mimi niko pale mbele kla! kla! kla! Pastor akageuka, akaniambia kwa upole tu, "mpendwa, tungoje kidogo." Nikashusha kamera. Pete ikaingia kidoleni nikiangalia kwa macho, na ile picha haipo mpaka leo.

Siku ya pili ndio inaniuma zaidi. Ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) Gatundu, memori kadi ikakataa kusoma jioni nikiwa nimefika nyumbani. 80D ina nafasi ya kadi moja tu. Nilikesha na programu ya kurudisha faili nikapata kama nusu, lakini pale bwana anamtafuta msichana wake katikati ya wale waliofunikwa leso, na shosh wote wanacheka, hizo zote zilienda. Nilimpigia mama wa msichana mwenyewe nikamwambia ukweli, nikamrudishia pesa. Alinyamaza, alafu akasema "sawa, kijana wangu." Hiyo sawa bado naisikia.

Kwa hivyo masharti yangu yalikuwa mawili kabla ya kitu kingine chochote: kadi mbili, na uwezo wa kupiga bila sauti. Na bajeti yangu ni pesa ya chama pamoja na dipoziti za Desemba, bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi, iliyotumika. Hapo ndipo ukizunguka maduka ya tauni, Luthuli, Moi Avenue, zile orofa za juu ambapo unapanda ngazi mpaka unahema, unabaki na majina mawili: Sony A7 III na Canon EOS R6. A7 III ilitoka 2018 ikiwa dola 2,000, R6 ikatoka 2020 ikiwa 2,500, na hata zikiwa zimetumika hiyo tofauti bado inawafuata, mimi niliona kama elfu thelathini hivi za kwetu kati ya hii na ile.

Nilikodi zote mbili, Jumamosi mbili tofauti, na 80D ikabaki begani kama akiba juu siwezi kujifunza kamera kwa harusi ya mtu.

Sony ndio ilitangulia, harusi ya Ruiru, tenti nyeupe, jua kali. Kitu cha kwanza nilichokipenda ni betri. Jamani hiyo betri. Kwa vipimo vya kawaida vya hizi kampuni inahesabiwa picha 610 ukitazama kwa vyufainda, kale kadirisha ka kuchungulia, na 710 ukitumia skrini, lakini ukipiga mfululizo kama tunavyopiga harusini inaenda mbali zaidi, nilianza saa mbili asubuhi wakati bibi harusi anapakwa vipodozi na nilibadilisha mara moja tu siku nzima. R6 kwa vipimo hivyo hivyo, ukitazama kwa vyufainda, ni 380 au chini, kutegemea umeiseti vipi. 80D yangu ni 960, kwa hivyo ukitoka huko kuja mirolesi lazima ujue unaingia dunia ya kubeba betri mfukoni kama njugu.

Picha zenyewe za A7 III ni safi sana. Megapikseli 24, ukiinua giza la suti nyeusi kwa laptopu unapata kila kitu mle ndani, na sisi huku hiyo ni kazi ya kila siku maana mita ya kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati, sasa weka bwana mweusi ndani ya suti nyeusi karibu na gauni jeupe lote, kamera inachanganyikiwa, either gauni linaungua likawa jeupe tupu ama uso wa bwana unapotea. Uzuri wa mirolesi yoyote, iwe Sony ama Canon, ni kwamba unaona eksposha, yaani mwanga wa picha utakavyotoka, ndani ya vyufainda kabla hujabonyeza. Hilo pekee limebadilisha kazi yangu. Nilikuwa napiga, natazama nyuma, narekebisha, napiga tena, sasa naona hapo hapo kama shavu la mama linang'aa vizuri.

Rangi ya ngozi ndio tuligombana kidogo na Sony. JPEG zake, zile picha kamera inakutengenezea tayari, zilikuwa zinavuta manjano na kijani kwa ngozi zetu za kahawia, hasa chini ya tenti, na ingawa ukipiga RAW, faili ghafi, unarekebisha, mimi nikipeleka picha mia nane hiyo kurekebisha ni usiku mbili. Mwingine atasema ni mambo ya kuzoea. Pengine, lakini macho yangu yameshazoea Canon miaka sita.

Alafu skrini. A7 III inainama juu na chini tu, haigeuki kando. Ukipiga picha ya kusimama, kamera ikiwa wima, na unataka uiweke chini karibu na nyasi, basi ulale kwa nyasi. R6 inafunguka pembeni na kuzunguka kote. Inakaa kitu kidogo mpaka siku umevaa nguo nzuri na kumenyesha.

Wiki mbili baadaye nikachukua R6, na nilibahatika (ama nilikosea, sijui) kuipata kwa harusi ya jioni, ukumbi mmoja South B, taa za zambarau na zile za kuzunguka, yaani giza la makusudi. Hapa ndipo nilianza kuelewa kwa nini watu wanailipia. Otofokasi yake Canon wanasema inafanya kazi mpaka EV -6.5 na A7 III mpaka EV -3 (EV ni kipimo cha mwanga), na kila EV moja ukishuka ni nusu ya mwanga. Lakini usidanganyike na hizo namba peke yake, Canon wamepima na lenzi ya f/1.2 na Sony wakapima na f/2, na f ikiwa namba ndogo lenzi inaingiza mwanga zaidi, kwa hivyo kwa lenzi yako na yangu pengo ni dogo kuliko linavyosomeka. Hata hivyo lilikuwepo. Wazazi wa bibi wanaingia wakicheza, taa imezimwa imebaki ile ya mlangoni, na kale kamraba ka fokasi kalikaa kwa jicho la baba yake mpaka akafika mezani. Kwa 80D hapo ningekuwa natafuta fokasi na midomo imekauka.

Pia inatuliza sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, mkono ukitetemeka. Zote zinafanya hivyo, Sony kwa vipimo vyao stopu 5 (kila stopu ni mwanga mara mbili), Canon mpaka 8 kwa baadhi ya lenzi za RF, zile za mirolesi zao. Hii inasaidia kwa ukumbi, mapambo, keki, pete, mikono ya shosh iliyotulia juu ya mapaja. Haisaidii watu wanaocheza, mtu akiruka bado unahitaji shata (kile kinachofungua na kufunga mwanga) ya kasi ama flashi, na naona wengi wakinunua wakidhani itawatibu hilo.

Sasa ule ukimya nilioutaka. Zote mbili zinapiga bila sauti kabisa kwa shata ya elektroniki, lakini kuna mtego na ni vizuri uujue kabla ya siku ya kazi. Sensa hizi zinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, haraka lakini si mara moja. Umeme wetu Kenya ni hezi 50, kwa hivyo taa nyingi za LED zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na macho hayaoni lakini sensa inaona, inakuandikia mistari ya giza na mwanga kwenye picha kama pazia la jikoni. Nilijaribu hizi kamera zote kwa sebule yangu chini ya balbu ya bei rahisi, zote zilitoa mistari. Dawa ni kushusha kasi ya shata mpaka 1/100 ama 1/50 ya sekunde, na hapo uombe mtu asitikisike, viapo kwa bahati watu husimama. Ama utumie shata ya kawaida, ambayo hata hivyo bila kioo ni kelele ndogo kuliko 80D, mimi nafikiri yule pastor hangegeuka.

Video nitapita haraka maana si kazi yangu kubwa. R6 iko mbele: fokasi ya macho inafanya kazi hata kwa video, A7 III haina hiyo kwa video, na R6 inarekodi biti 10, yaani rangi nyingi zaidi, na 4K ya fremu 60 kwa sekunde. Lakini zile faili nzito za R6 zilifanya laptopu yangu ilie, haikucheza hata sekunde tatu bila kusimama. Na Canon wenyewe walisema 4K 60 ni kama dakika 30 kabla ya joto kuisimamisha, tena kwa nyuzi 23. Zote mbili hazirekodi kipande kimoja kupita nusu saa. Mahubiri ya kwetu unayajua.

Mpaka hapo nilikuwa bado nimegawanyika. Sony ni ya bei rahisi, betri ndefu, megapikseli zaidi kidogo, na lenzi za kampuni zingine zimejaa: Tamron 28-75 f/2.8, Sigma, Samyang, Viltrox, zote na otofokasi. Canon kwa mlango wa RF, pale lenzi inapoingia, walifunga, 2022 waliwasimamisha Viltrox, na 2024 ndio wakawaruhusu Sigma na Tamron lakini kwa lenzi za sensa ndogo tu, kama ile ya 80D. Kwa mtu anayeanza leo bila lenzi hata moja mimi ningemwambia chukua Sony na usiangalie nyuma, kweli kabisa.

Lakini mimi sianzi leo. Nilitoa begi nikamwaga kitandani: 50mm f/1.8, 85mm f/1.8, ile 18-135 iliyokuja na kamera, betri nne za LP-E6N, kadi sita za SD, flashi mbili za Canon. Nikachukua kalamu. Nikienda Sony naanza upya, na angalau lenzi moja nzuri ya zoom inamaliza zile elfu thelathini nilizookoa na kuongeza nyingine juu yake. Ziko adapta za kuweka lenzi za EF, hizi za Canon za zamani, kwa Sony, nimeona watu wanatumia, ila fokasi inategemea lenzi na lenzi, na mimi nimeshaogopa vya kutosha. Nikienda R6, kuna adapta ya Canon wenyewe ambayo ndani haina kioo chochote, ni hewa na nyaya. Lenzi ya EF inataka kukaa milimita 44 kutoka kwa sensa, mlango wa RF uko milimita 20, ile adapta inajaza 24 zilizobaki, basi. 85 yangu iliingia ikashika fokasi vizuri kuliko ilivyowahi kushika kwa 80D, nilikaa kwa kiti cha plastiki nje ya ukumbi nikiangalia picha moja ya mpambe nimeikuza mpaka kope zinahesabika. Betri zangu za zamani nazo zinaingia, ingawa kasi ya juu kabisa inapungua, kwa harusi sihitaji.

18-135 ndio haitoki salama. Ni ya sensa ndogo, ukiiweka kwa R6 kamera inakata picha unabaki na kama megapikseli 8. Hiyo naiuza.

Nikarudi tauni kutafuta iliyotumika. Ukienda kwa njia hii tafadhali hesabu shata, yaani imeshapiga picha ngapi, usiamini mdomo. Duka moja niliambiwa "boss, hii imepiga elfu kumi na tano tu", ilikuwa Sony, nikapiga picha moja nikaisoma kwa laptopu, tisini na mbili elfu na kitu. Si mbaya, A7 III imepimwa kwa shata kama 200,000 na R6 300,000, ubaya ni kuficha. Na kama ni Sony iliyotengenezewa soko la Japani fungua menyu kwanza, nyingi ni Kijapani peke yake na huwezi kubadilisha. Beba kadi yako mbili ujaribu nafasi zote mbili, funga tundu la lenzi mpaka f/16 upige ukuta mweupe uone madoa ya vumbi, shika mlango wa betri uone kama unalegea.

R6 yangu niliipata Alhamisi iliyopita, ina mkwaruzo chini pale inapokaa tripodi, kwingine safi. Nimeiseti iandike RAW kwa kadi zote mbili kwa wakati mmoja, hicho ndicho kitu cha kwanza nilifanya kabla hata ya kuvua plastiki ya skrini. Jumamosi niko Limuru, ruracio, na nimempigia yule mama wa Gatundu. Msichana wake mdogo anaolewa Agosti. Ameniambia nije.