Kurefusha mikono ya sweta bila kulifumua lote

Mwanangu alirefuka ndani ya miezi michache hadi mikono ya sweta nililomfumia ikaishia katikati ya vigasha, ilhali kifua na mabega bado vilimkaa vizuri. Nilikaribia kulifumua lote. Nashukuru kwamba sikufanya hivyo, kwa sababu kazi ya kufuma inakubali jambo ambalo wengi wetu tunaliogopa, yaani kukatwa kwa mkasi na kuendelezwa upya.

Ufumaji una mwelekeo. Vitanzi hufumuka kwa urahisi kutoka ulipomalizia kurudi ulipoanzia, lakini ukianza upande wa pili uzi hunasa karibu katika kila kitanzi. Kwa hiyo sweta lililoanzwa shingoni hurefushwa bila taabu: unafungua ukingo wa chini, unarudisha vitanzi kwenye sindano na kuendelea. Langu nilikuwa nimelianzia chini, na mikono yake nilikuwa nimeianzia kwenye vifundo.

Nilifumua kwanza mshono wa ubavu wa mkono, kisha nikapitisha uzi mwembamba wa rangi tofauti katika kila kitanzi cha safu moja, juu kidogo ya pindo linalovutika. Ni hatua inayochosha macho, hasa kwenye sufu nyeusi, lakini sitamshauri mtu yeyote airuke. Baada ya hapo nilikata kitanzi kimoja tu cha safu iliyofuata chini yake na kuuchomoa uzi taratibu kuelekea pande zote mbili, mpaka pindo likaachana na mkono. Kwa sababu ya mwelekeo ule ule niliokwisha kuutaja, vitanzi vya kipande cha juu havikukimbia. Vinavyofumuka upesi ni vya kipande cha chini, ambacho nilikuwa nakifumua kwa vyovyote ili nipate uzi wake.

Unapofuma kuelekea chini, vitanzi unavyookota ni nafasi zilizokuwa kati ya vitanzi vya awali, na kazi yote husogea kwa nusu kitanzi. Kwenye ufumaji wa kawaida usio na nakshi jambo hilo halionekani kabisa. Kwenye mifereji au misuko linaonekana wazi, na ndiyo maana ni heri kukata mahali pasipo na nakshi.

Urefu niliuhesabu kwa safu. Sweta lilikuwa na safu 28 katika sentimita 10, nami nilihitaji sentimita 5, kwa hiyo nilifuma safu 14 kabla ya kuanza pindo jipya. Hesabu hiyo ifanywe kwenye sweta lililofuliwa na kukauka, kwa maana sufu hubadilika vipimo ikilowa.

Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi, kwa hiyo niliukunja kitita, nikauosha na kuuanika kabla ya kuutumia tena. Haukutosha, na uzi mpya ulikuwa umekolea rangi kuliko ule wa zamani. Wengine hubadilishana nyuzi hizo mbili kila baada ya safu mbili ili tofauti ipotee. Mimi niliona afadhali kufuma zile safu 14 kwa uzi wa zamani na pindo lote kwa rangi nyingine kabisa, kwa kuwa rangi inayokaribia kufanana huonekana kama kosa. Vitanzi vya mwisho nilivifunga kwa sindano nene zaidi, ili ukingo uvutike na kiganja kipite.