Jumanne na Alhamisi, saa saba mchana

Fomu ya kutaja fani ilitakiwa Ijumaa. Jumatano usiku, nikiwa mwaka wa pili chuoni Marekani, bado nilizishika mbili: kemia, iliyonitoa Tanga, na isimu, taaluma ya lugha, iliyoninasa siku mhadhiri alipouliza kwa nini kiboko "anatembea" na si "kinatembea". Kiswahili nimezaliwa nacho, na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Nikaanza hesabu. Shahada ilidai krediti 120, yaani alama za uzito wa kila somo. Kemia, pamoja na hisabati na fizikia yake, ilikula 62, isimu 36, masomo ya lazima kwa wote 40. Jumla 138. Nikatoa 14 zilizohesabiwa pande zote mbili, kwa kuwa kemia ilitimiza sharti la sayansi na utangulizi wa isimu ukatimiza la sayansi ya jamii. Zikabaki 124. Mwisho wa muhula ule ningekuwa na 60, kwa hiyo 16 kila muhula kwa mihula minne. Nikafurahi mapema mno.

Krediti zinaweza kutosha na ratiba ikakataa. Nilipochora jedwali la mihula, somo kwa somo, nikaona shida: sintaksia, somo la isimu kuhusu muundo wa sentensi, ilifundishwa mwaka mmoja ikaruka mwaka unaofuata, na zamu yake ilikuwa Jumanne na Alhamisi saa saba na nusu mchana. Maabara ya kemia-fizikia nayo ilikuwa siku hizohizo, saa saba hadi saa kumi na moja. Kungoja zamu nyingine ya sintaksia kulimaanisha muhula wa tisa, na ufadhili wangu uliishia wa nane. Sisi wa viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, tulikuwa pia na I-20 ya kufikiria, hati ya chuo yenye tarehe ya kumaliza masomo: huongezwa kabla ya tarehe yake kwisha, na kwa sababu za kitaaluma au za kiafya zinazokubalika.

Alhamisi asubuhi nikampelekea mshauri wa masomo jedwali lile. Hakugusa jumla. Aliuliza jambo moja: maabara hii ni sharti la somo gani linalofuata? Tukapekua kitabu cha masomo. Hakuna. Mihadhara ya kemia-fizikia ndiyo iliyofungua masomo ya mbele. Maabara ingeweza kusubiri mwaka wa nne. Ingeangukia muhula mmoja na tasnifu, mzigo mzito kwelikweli, lakini sintaksia ikapata nafasi.

Fomu ilikuwa na mistari miwili ya fani. Nikaijaza yote, kwa wino.