Nilivyoisaka shoti kwenye Tektronix 465

Tektronix 465 ni oskiloskopu (chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo) ya MHz 100 yenye chaneli mbili, iliyotoka mwaka 1972, na kwa fundi wa redio na amplifaya bado ni chombo cha kutegemewa. Hii niliyoitengeneza hapa Mwembe Tayari, Mombasa, ilikuwa inawasha taa ya mbele, ila kwenye kioo hamna mstari wala nukta.

Jambo la kwanza ni kutazama nyuma. Nyingi zimetoka Marekani zikiwa zimepangwa kwa volti 110. Stima yetu ni 240, kwa hiyo swichi iwe upande wa 220, kiplagi cha kuchagua kiwango cha volti kiwe HI, na fyuzi iwe na nusu ya ampea za ile ya 110. Niliiwasha kupitia balbu ya wati 100 ya waya, iliyofungwa kwa mfululizo, ili kama kuna shoti kubwa balbu ndiyo ing'ae na transfoma isalimike.

Usiguse upande wa tyubu ya kioo. Pale kuna zaidi ya volti 10,000, na chaji hubaki hata baada ya kuchomoa plagi.

Mashine hii ina laini tano za umeme: +110, +55, +15, +5 na -8. Nilizipima zote kabla ya kushuku chochote kingine. Ile ya +15 ilisoma volti 0.6. Nikazima, nikachomoa plagi, nikapima ukinzani wa laini hiyo hadi chasisi: omu 0.8. Hiyo ni shoti, na mara nyingi sana katika mashine za umri huu mkosaji ni kapasita (kipuri cha kuhifadhi chaji) ya tantala. Tabaka lake la ndani la kuhami likitoboka, hugeuka kuwa kipande cha waya.

Shida ni kwamba kapasita za namna hiyo zimetapakaa bodi nzima kwenye laini hiyohiyo. Kung'oa moja moja ni kuharibu bodi bure, na nyuzi zake za shaba hubanduka upesi zikipata joto. Nilichofanya, mashine ikiwa imezimwa, ni kuingiza volti 1 kutoka pawa saplai ya mezani, mkondo ukibanwa kwenye ampea 1, kisha nikapima milivolti hatua kwa hatua nikiifuata laini. Mwanzoni nilipata 812, mbele kidogo 797, halafu 784, kisha 771 kwenye mguu wa kapasita moja ya 47 µF, 20 V. Kuanzia hapo kwenda mbele ilibaki 771 ileile. Namba hushuka pale mkondo unapopita, na mkondo unaishia kwenye shoti. Ukiona namba imetulia, umeshafika. Kapasita yenyewe ilikuwa na uvuguvugu kwenye kidole. Nikainua mguu mmoja, na shoti ikatoweka.

Niliweka 47 µF ya 35 V. Kuitumia tantala ya 20 V kwenye laini ya 15 ni kuibana mno. Mimi hupenda iwe na volti mara mbili ya zile itakazobeba. Angalia alama ya chanya kabla ya kulehemu, kwa sababu tantala iliyogeuzwa huwaka moto.

Laini zote tano zikarudi, na mstari ukatokea. Lakini ulikuwa ukiruka kila nikizungusha kitasa cha volti. Hiyo ni kazi ya hewa ya chumvi ya Mombasa kwenye swichi za kamu, zile ambazo ukizungusha kitasa hubonyeza na kuachia vidole vya chuma. Vidole vyake vina dhahabu nyembamba sana, kwa hiyo msasa ni marufuku, na mafuta ya kupuliza pia, maana yanakusanya vumbi. Nilikata ukanda wa karatasi nyeupe, nikauchovya kwenye spiriti ya isopropili ya 99%, nikaupitisha chini ya kidole kilichofunga na kuuvuta taratibu, nikibadilisha karatasi hadi itoke safi. Ile ya 70% ina maji mengi, nayo huku hayakauki upesi. Baadaye niliiacha mbele ya feni usiku kucha.

Kupima mwisho nilitumia kalibreta yake yenyewe, yaani wimbi la kujipimia linalotoka kwenye mashine, volti 0.3 kwa kHz 1. Kwenye 50 mV na 0.2 ms kwa kila mraba, wimbi lilijaza miraba sita kwenda juu, na mzunguko mmoja ukachukua mitano.